Mtoto kaniuliza kama Basho alikuwa hana kwao, nimekosa jibu. Wajuzi wa haiku njooni

#1 Mama Pacha
Habari za jumapili wakuu. Nina watoto kama tisa hivi hapa mtaani, pacha wangu wawili na wa majirani, wana miaka 8 mpaka 11, kila jumamosi asubuhi tunakaa barazani tunasoma. Mwezi huu nikawaletea haiku, yale mashairi mafupi ya Kijapani ya mistari mitatu, mizani 5 kisha 7 kisha 5. Nikaona nikiwapa mashairi matupu watasinzia, nikawasimulia na maisha ya Matsuo Basho. Kwamba alizaliwa 1644, akaacha nyumba, akazunguka Japani nzima kwa miguu, analala popote anaandika, na kwamba jina lake maana yake ni ndizi (hapo walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye mkeka).

Sasa Kurwa wangu hakucheka. Kaniangalia kaniuliza, mama kwani huyo alikuwa hana kwao? Nikasema alikuwa napo ila alipenda kusafiri. Doto naye akadakia, sasa nani alikuwa anampikia? Hapo darasa likavunjika kila mtu na lake.

Nimekaa nalo wiki nzima. Mtu mzima hana mke hana mtoto, kutwa njiani, kwetu huyo tunamwitaje? Kwa nini alitembea kweli? Na je niendelee kuwasimulia maisha yake au niwape lile shairi lake la chura tu tukae kimya? Chura mwenyewe nilimtafsiri hivi:

Bwawa la kale
chura akajirusha
sauti ya maji

#2 Mkorofi Original
Angekuwa bongo angekula kesi ya uzururaji mapema tu. Uzi umeisha fungeni.

#3 Ngoja Waje
Niko siti ya mbele na karanga zangu.

#4 Mwalimu Mstaafu
Mama Pacha hongera kwa baraza lako. Ila mstari wa tatu umeteleza. Sa-u-ti ya ma-ji ni mizani sita, umesema tano. Mtoto wa darasa la tano angekukamata.

Na niseme la moyoni, mimi nimefundisha ushairi miaka thelathini na mbili, mshororo una mizani 16, nane ukwapi nane utao, vina vya kati na vya mwisho. Hiki kitu hakina vina kabisa. Kwetu hilo ni guni. Watoto hawajajua tarbia vizuri, tayari tunawapelekea guni la Mjapani?

#5 Ndizi za Nshamba
Mimi nimesimama kwenye jina. Ndizi gani? Inaliwa mbivu au ya kupika?

#6 Yuko Saitama
Salaam wakuu. Niko Japani mwaka wa nane sasa, naishi Saitama ila Fukagawa alikokuwa anakaa Basho nimefika mara mbili. Mama Pacha umefanya jambo la maana ila nikunyooshe kidogo, usikasirike.

Hakuzunguka Japani nzima. Safari yake kubwa ile ya 1689 alitoka Edo ndiyo Tokyo ya leo, akapanda kaskazini mpaka Hiraizumi, akakata kwenda bahari ya upande wa pili, akashuka nayo mpaka akafika Ogaki, kama kilomita 2,400 hivi, karibu miezi mitano. Ncha ya kaskazini hakuigusa. Na hakuwa peke yake, alikuwa na mwanafunzi wake anaitwa Kawai Sora.

Basho siyo ndizi, ni mgomba. Mwanafunzi mmoja alimletea mche akaupanda kwenye kibanda chake Fukagawa, ukashika vizuri, watu wakawa wanasema twende kibanda cha mgomba, mwisho na mwenyewe akaitwa Mgomba. Kabla ya hapo alijiita Tosei, maana yake pichi mbichi, kwa hiyo jamaa alikuwa na mambo ya matunda tangu zamani. Ndizi za Nshamba nakujibu na wewe hapa hapa, mgomba ule hauzai ndizi ya kula, unatoa vijindizi vimejaa mbegu.

Halafu neno haiku yeye hakulijua. Limekuja na Masaoka Shiki mwishoni mwa karne ya 19. Basho alikuwa anaita hokku, yaani ubeti wa kufungulia. Watu walikuwa wanakaa kundi, mmoja anatoa ubeti wa 5-7-5, mwenzake anaunga 7-7, mwingine anaunga 5-7-5, hivyo hivyo mpaka beti 36. Hiki tunachofanya hapa kwenye huu uzi, ila wao walikuwa na adabu.

#7 Ndizi za Nshamba
Subiri subiri. Mtu anapanda mgomba nyumbani kwake, usiozaa ndizi, anaumwagilia, na anajiita jina lake??? Huyo kwetu wangemwitia wazee.

#8 Yuko Saitama
Hahaha mkuu ndiyo hivyo, mwenyewe aliandika kwamba anaupenda kwa sababu hauna kazi, na majani yake yanavyochanika kwa upepo.

#9 Mkorofi Original
Hauna kazi. Ndugu yake kabisa.

#10 Bint wa Wete
Mie nije upande wa Doto, nani akimpikia. Swali la maana hilo kuliko la mizani. Bila shaka alikuwa akifikia kwa watu. Wazee wetu wa majahazi nao walikuwa hivyo, kaskazi inawaleta kusi inawarudisha, na miezi yote ile wanakaa kwa watu, wengine mpaka wanaoa huko huko. Hakuna aliyewaita hawana kwao. Kwa hiyo Mama Pacha mwambie Kurwa mtu anaweza kuwa na kwao na bado akawa safarini.

#11 Teacher wa Kakamega
Hapa kwetu nafunza gredi ya nne na nimejaribu hii kitu mihula miwili. Nikianza na 5-7-5 inakufa hapo hapo, watoto wanahesabu vidole hata hawaangalii nje. Siku hizi nawatoa darasani dakika kumi, kila mtu arudi na kitu kimoja alichoona au kusikia, si kile anachofikiria, halafu ndio tunapunguza maneno. Kuna mmoja aliandika mara ya kwanza "mvua ni baraka kwa wakulima wetu" nikamuuliza hiyo uliiona wapi, akasema kwa insha. Nikamrudisha nje. Akaja na hii:

Vuli yaanza
kuku wote chumbani
bibi kacheka

Tena maisha ya Basho mimi siwapi kabisa. Nawapa Issa. Issa ndiye wa watoto.

#12 Ngoja Waje
Issa wa wapi huyo? Wa Tandale ninayemjua mimi au?

#13 Bint wa Wete
Na mie nimeshtuka, nikadhani wa kwetu Pemba.

#14 Teacher wa Kakamega
Kobayashi Issa, Mjapani, 1763 mpaka 1828. Jina linamaanisha kikombe kimoja cha chai. Aliandika kumwambia kinda wa shomoro apishe, apishe, bwana farasi anapita. Kuna ingine anasema usimpige huyo nzi, ona anasugua mikono, anasugua miguu. Watoto wangu walitazama nzi siku nzima, mimi sikufunza hesabu siku hiyo.

#15 Mkorofi Original
Kwa hiyo mmekiri wenyewe kwamba ni chai 😂😂 mods hamishieni jukwaa la vichekesho

#16 Fundi Cherehani
Nimecheka mpaka nimejichoma sindano.

#17 Baba Lao Mbeya
Mimi nitakuwa tofauti. Mnamsifia mtu huyu lakini kuna kisa chake mnakiruka. Mwaka 1684 yuko safarini, akafika Mto Fuji, akakuta mtoto wa kama miaka mitatu katupwa, analia. Akamrushia chakula alichokuwa nacho, akaandika shairi, akaendelea na safari. Yaani akaendelea! Shairi linasema ninyi mnaohuzunika kwa mlio wa nyani, je mtoto aliyetupwa kwenye upepo wa vuli? Hilo hapo ndilo la kumsimulia Kurwa? Mimi nina binti wa umri huo na nilipokisoma nilifunga kitabu.

#18 Mama Pacha
Baba Lao hicho ndicho nilikiruka, sikusema tu. Kingewafika wasingelala. Nimeona aibu umenigundua.

#19 Mwalimu Mstaafu
Mlio wa nyani ni kitu cha washairi wa Kichina, walikuwa wakiutaja kama ndio huzuni ya juu kabisa. Kwa hiyo yeye anawajibu waliomtangulia, malumbano kama yetu. Huenda mtoto huyo hakuwapo. Diwani ngapi za kwetu zinamtaja yatima ambaye mshairi hakumwona kwa macho?

#20 Baba Lao Mbeya
Kama hakuwapo basi kaongopa, kama alikuwapo basi kamwacha. Chagua mwalimu.

#21 Yuko Saitama
Wote mna pa kusimamia. Ile safari ya 1689 Sora alikuwa anaandika shajara yake pembeni, ikaja kuchapishwa 1943 na watu wakashika vichwa, maana haifanani na kitabu alichoandika Basho mwenyewe kuhusu safari hiyo. Siku hazilingani, kuna usiku mmoja mahali panaitwa Ichiburi Basho anasimulia waliokutana nao kwenye nyumba ya wageni, Sora hana habari nao hata neno moja. Kwa hiyo ya Mto Fuji inawezekana nayo kaipika. Ila ya Mto Fuji Sora hakuwepo, kwa hiyo hatuna shahidi.

#22 Jicho la Kipanga
Sasa mmefika nilipotaka. Mtu wa kuaminika haandiki tofauti na mwenzake waliyelala chumba kimoja. Basho kazaliwa Iga. Iga ni wapi? Ndiko kwa manija. Mzee wa miaka 45 mgonjwa wa tumbo anatembea siku nyingine kilomita 40 na zaidi, anapita vizuizi vya serikali, anapita kwenye ngome za wakubwa. Jasusi huyo. Mashairi ni kivuli tu. Kurwa umwambie alikuwa kazini.

#23 Fundi Cherehani
Nilijua tu kuna mtu atamleta nija. Haikuwahi kupita uzi humu bila usalama wa taifa.

#24 Yuko Saitama
Kipanga hiyo hadithi hata Wajapani wenyewe wanaipenda ila kuzaliwa Iga siyo ushahidi, watu wote wa Iga walikuwa nija basi nani alikuwa analima? Ukitaka kushuku, mshuku Sora. Yeye miaka ya baadaye alichukuliwa kwenye msafara wa ukaguzi wa serikali kwenda Kyushu, akafia kisiwa cha Iki 1710. Hiyo iko wazi.

#25 Jicho la Kipanga
Umenisaidia. Kwa hiyo jasusi alikuwemo, tunabishana tu ni yupi.

#26 Mwalimu Mstaafu
Sababu ni nyepesi kuliko hizo. Alikuwa anamfuata Saigyo, mshairi mtawa aliyefariki 1190. Hesabu wenyewe, 1689 ilikuwa ni kama miaka 500. Kila mahali Saigyo alipoimba yeye alitaka akasimame hapo hapo. Ni ziara, kama watu wanavyokwenda kuzuru kaburi la mtu mwema.

#27 Teacher wa Kakamega
Mwalimu kumbe guni umelisomea mpaka mwaka 🙂

#28 Mwalimu Mstaafu
Adui unamsoma.

#29 Dereva wa Usiku
Naomba niseme kitu nipo kituoni nasubiri mzigo. Mimi naendesha roli Dar Lubumbashi mwaka wa kumi na moja, nyumba ninayo mke ninaye watoto wanne, na bado nikikaa nyumbani wiki mbili miguu inawasha. Siwezi kuieleza. Mke wangu anajua, ananiambia wewe nenda. Hampati sababu kwa sababu mnatafuta sababu. Halafu kibanda chake nimesoma kiliungua, kweli si kweli?

#30 Yuko Saitama
Kweli, moto mkubwa wa Edo mwisho wa 1682. Mwaka uliofuata mama yake akafariki. 1684 ndiyo akaanza safari ndefu za kwanza. Na kabla ya ile ya 1689 kibanda alichokuwa nacho baada ya hicho alimwachia mtu mwingine kabisa, maana yake hakuwa na uhakika wa kurudi. Pale Fukagawa mwaka 1917 baada ya maji ya bahari kupanda walikuta chura wa jiwe, wakasema hapa ndipo kilipokuwa kibanda. Na la Doto, alipokwenda alipokewa na washairi na matajiri wapenda mashairi, wanakaa wanaunga beti, anakula, analala, anaondoka. Zamani aliwahi kufanya kazi ya kusimamia mifereji ya maji Edo, na kusahihisha mashairi ya watu kwa malipo, hiyo akaiacha.

#31 Fundi Cherehani
Ila hakulala pazuri kila siku, kuna ile yake naipenda kuliko zote:

Viroboto na chawa
farasi anakojoa
karibu na mto

Mizani sijahesabu mwalimu usinipige.

#32 Ngoja Waje
Karibu na mto upi? Farasi kukojoa mtoni mbona kawaida, shairi liko wapi hapo?

#33 Fundi Cherehani
Mto wa KULALIA wewe. Kichwani pake.

#34 Ngoja Waje
😂😂😂😂 nimeelewa haiku leo

#35 Mama Pacha
Nimewasomea hii jana jioni, niliwakusanya bila ratiba. Walilia kwa kucheka. Mmoja akasema na sisi tuna mbuzi anakojoa mlangoni mbona hatuandikwi. Nikampa karatasi. Doto naye kaandika ya umeme kukatika:

Giza la ghafla
mbu sikioni kwangu
baba kalala

Baba yake kasema hakulala alikuwa amefumba macho tu.

Kingine nilichogundua, nikaandika ubaoni lile la chura kwa Kijapani, furuike ya, kawazu tobikomu, mizu no oto, wakaisoma moja kwa moja bila kufundishwa. Irabu zao ni zetu. Wakaipigia makofi fu-ru-i-ke-ya, tano, saba, tano, imekaa sawasawa.

#36 Mwalimu Mstaafu
Hilo ni kweli na linanikera kwamba ni kweli. Sisi mtu ni mizani mbili, m-tu, maana ile m inasimama yenyewe. Wao nao n yao inasimama, shi-n-bu-n, gazeti, ni nne. Mwingereza akihesabu anapata mbili. Sisi tukihesabu tunapata nne kama wao. Kwa kuhesabu hivi sisi tuko karibu nao kuliko hao wanaotuletea vitabu vya haiku. Lakini majira? Kila hokku lazima itaje majira.

#37 Bint wa Wete
Majira mbona tunayo ya kumwaga. Wao nasikia wana makamusi kabisa ya maneno ya majira, neno moja tu linakuambia ni mwezi gani. Hapa ukisema karafuu zimeanikwa barabarani, nani hajui ni lini? Kumbikumbi, masika. Embe boribo. Upepo wa kusi. Theluji hatuna na hatuitaki.

#38 Ndizi za Nshamba
Senene! Ukisema senene tu taa zinawaka mji mzima.

#39 Mkorofi Original
Haya na mimi:

Bando laisha
penati inapigwa
jirani: goo!

#40 Mwalimu Mstaafu
Mizani imekamilika. Nimechukia. Majira yako wapi?

#41 Mkorofi Original
Majira ya ligi mwalimu.

#42 Teacher wa Kakamega
Mkorofi ukiwa na mtoto asiyezidi miaka kumi na tano, wakfu wa Japan Airlines una shindano la haiku la watoto wa dunia nzima, wanaandika na kuchora juu yake. Mama Pacha angalia hilo.

Na chura mpe ending ingine, Kiswahili kina neno lake tayari, "majini chubwi". Tano.

#43 Dereva wa Usiku
Chubwi hiyo imekaa.

#44 Mwalimu Mstaafu
Chubwi inamharibu. Basho hakusema maji yamelia vipi, kasema mlio wa maji tu, ukausikie mwenyewe. Ukisema chubwi umemsikilizia msomaji.

#45 Teacher wa Kakamega
Mwalimu sasa unatetea guni.

#46 Mama Mkubwa Tabora
Hamjambo wanangu. Nimesoma wote tangu juu nimechelewa. Swali la yule mtoto mmelikimbia mkaenda kwa nija na chura. Kwao alikuwa napo. Iga Ueno, kaka yake alibaki pale. Alipokwenda 1684 mama yao ameshafariki mwaka mzima, kaka akafungua kifuko akamwonesha nywele nyeupe za mama. Aliandika kwamba akizishika mkononi zitayeyuka kwa machozi ya moto, kama umande ulioganda wa vuli. Na mpwa wake Toin alimuuguza kwenye kibanda chake mpaka akamfia 1693. Huyo siyo mtu asiye na watu.

Halafu mwisho wa 1687 akarudi tena nyumbani, wakamtolea kitovu chake. Wajapani wanakikausha wanakiweka. Nimejaribu hivi:

Kwetu nyumbani
nalilia kitovu
mwaka waisha

Sisi tunasema kwenu ni kitovu chako kilipozikwa. Sasa yeye chake hakikuzikwa, kilikuwa kimetunzwa nyumbani.

#47 Dereva wa Usiku
Mama shikamoo. Nimezima gari.

#48 Jicho la Kipanga
Shikamoo mama. Ila nija nao walikuwa na mama zao, hoja yangu iko pale pale.

#49 Baba Lao Mbeya
Mama Mkubwa hii imenigusa, lakini mtu aliyelia kwa kitovu chake 1687 ndiye aliyempita mtoto wa watu 1684. Mimi bado sijamsamehe. Na alikufa wapi, si njiani kwa njaa?

#50 Yuko Saitama
Hapana, Osaka, 1694, tumbo, na wanafunzi wamemzunguka. Shairi lake la mwisho anasema anaumwa safarini na ndoto zake bado zinazunguka kwenye nyika kavu. Kaburi liko Otsu, Gichu-ji. Siyo kwao.

#51 Mama Pacha
Shikamoo Mama Mkubwa, ahsanteni wote. Nimewasomea ya kitovu leo. Kurwa kasikiliza mpaka mwisho halafu kauliza na cha kwangu kiko wapi. Nikampigia bibi yao maana yeye ndiye aliyenilea uzazi. Bibi anasema alivizika vyote viwili uani kwenye ile nyumba tuliyokuwa tumepanga zamani. Ile nyumba imevunjwa, imepita barabara. Kurwa kauliza barabara inakwenda wapi. Nimemwambia Kibiti, Lindi huko, basi kachukua karatasi kaenda kukaa peke yake, na sijui anaandika nini hataki kunionesha.

#52 Ndizi za Nshamba
Mgomba usiozaa ndizi. Siku ya tatu leo silali.